Mchoro Kwenye Kisanduku cha Mavis

Mavis Ollerenshaw alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, magoti pamoja, vilevile anavyokaa kanisani. Mbele yake, ndani ya ukumbi wa michezo wa Aldershaw, makarani walikuwa wakihesabu kura kwenye meza ndefu zilizopangwa juu ya mistari ya uwanja wa mpira wa vinyoya. Watu walikuwa wamepiga kura jana yake, Alhamisi, mvua ikinyesha mchana kutwa. Leo ndiyo siku ya kujua nani atakuwa diwani wa kata ya Weavergate: yeye, au Roland Entwistle aliyekikalia kiti hicho tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Mama Choo!" aliita mmoja wa wapambe wa Entwistle, kijana mwenye ua la riboni kifuani, kubwa kama sahani. "Leo umekuja na karatasi za kura au zile nyingine?"

Wenzake wakaangua kicheko. Hilda Brearley, jirani ya Mavis na wakala wake katika uchaguzi ule, hakugeuza hata shingo.

"Zile nyingine tumekuwekea wewe, mwanangu," alisema. "Kwa mdomo huo utazihitaji."

"Hilda," Mavis alimkanya kwa sauti ya chini.

"Nini? Mimi ndiye niliyekosa adabu? Yeye je?"

Jina hilo la Mama Choo walimpa Mavis tangu siku alipoanza kugonga milango ya watu kuomba kura, hana chama, hana fedha, ana jambo moja tu mdomoni: vyoo vya sokoni vifunguliwe. Halmashauri ilivifunga ikasema inabana matumizi, na aliyeusimamia uamuzi huo mpaka ukapita ni Entwistle. Kwenye kila mlango Mavis aliwataja kina mama wenye watoto wachanga, na wauza mboga wanaosimama kutwa nzima kwenye baridi. Mume wake hakumtaja hata mara moja.

Lakini mji ni mdogo, na watu walijua. Wilf Ollerenshaw, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipokufa, alikuwa na maradhi ya tezi dume, yale yanayomfanya mwanaume asiweze kusubiri. Kila Jumamosi alikwenda sokoni kununua jibini na kubishana na mwuza jibini juu ya mpira. Jumamosi moja akaukuta mlango wa choo umepigwa komeo na kufuli. Akauvuta. Akauvuta tena, akaupiga kwa kiganja, na watu wa foleni ya basi wote wanamtazama, mpaka suruali yake ya kijivu ikabadilika rangi kushuka hadi viatuni. Wapo waliogeuza nyuso. Wapo waliocheka. Toka siku ile Wilf hakuvuka tena kizingiti cha nyumba yake, hadi alipotolewa amebebwa. Mavis aliyaweka hayo kati yake na Mungu wake, akaona yatabaki hapo.

Ilipokaribia saa sita mchana, Bi. Thwaite, msimamizi wa uchaguzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, aliwaita wagombea waje waone kura zenye utata. Hilda alikuwa amekwenda kutafuta chai. Bi. Thwaite akazipitisha moja moja mbele ya macho yao. Hii haina alama yoyote. Hii imewachagua wote wawili. Hii mtu ameijaza matusi juu mpaka chini. Mavis alikuwa akiitikia kwa kichwa. Ndipo ikaja moja yenye mchoro.

Ndani ya kisanduku kilicho mkabala na jina lake, pale ambapo watu huweka msalaba mdogo kwa penseli, mtu alikuwa amechora mwanaume aliyesimama, na matone yakimtoka kushuka miguuni.

Damu ilimpanda Mavis usoni. Akatazama pembeni, kwenye nyavu za goli zilizokunjwa ukutani.

"Ni mchoro, msalaba hakuna," alisema Bi. Thwaite. "Naiweka kwenye zilizokataliwa. Kuna pingamizi?"

"Iondoe tu, jamani," alisema Entwistle kwa upole. "Watu siku hizi hawana haya."

Mavis alinyamaza. Karatasi moja tu, alijiambia. Iende zake.

Haikupita muda mrefu, Bi. Thwaite akawaita tena. Safari hii alikuwa amevaa miwani yake.

"Entwistle, kura mia nane na kumi," alisema. "Ollerenshaw, kura mia nane na kumi."

Wapambe waliacha kucheka. Zikahesabiwa upya. Makarani walilamba vidole na kuhesabu bila kuongea, mawakala wamewainamia kama kuku wanaotazama punje, na hesabu ikatoka vilevile.

"Basi sheria iko wazi," alisema Bi. Thwaite. "Zikilingana, naandika majina yenu kwenye vikaratasi viwili, navitia ndani ya sanduku, nachomoa kimoja. Jina litakalotoka ndilo la diwani."

Entwistle alinyoosha koti lake. Alikuwa mtu wa tabasamu, hata watu aliowaudhi walikuwa wakimwitikia salamu.

"Bi. Mavis, ninyi Wamethodisti si hamchezi bahati nasibu? Hata ile ya keki kwenye sikukuu ya kanisa mnaipiga marufuku. Leo itabidi Mungu akufumbie macho kidogo."

Hilda, aliyesikia matokeo akiwa bado kwenye foleni ya chai, alirudi na vikombe viwili, akasimama ghafla.

"Shoga, una nini? Umekuwa mweupe kama ukuta."

"Kuna karatasi nimeiacha," Mavis alinong'ona.

"Karatasi gani?"

"Yenye picha ya Wilf."

Hilda aliviweka vikombe chini, sakafuni, chai ikamwagika. "Umeiachaje?"

"Niliona haya."

"Haya! Mavis, haya utaona kesho ukiwa nyumbani kwako. Nyanyua mkono, yule mama anakata vikaratasi!"

Mavis alifumba macho. Hakuomba ushindi. Aliona si haki kumsumbua Bwana kwa habari ya kiti cha halmashauri. Aliomba sauti tu, isimkatikie katikati. Kisha akanyanyua mkono.

"Bi. Thwaite, naomba kuiona tena ile yenye mchoro."

Mkasi ukasimama. "Ile mlikubaliana wote ikataliwe, Bi. Ollerenshaw."

"Sikukubali. Nilinyamaza."

Bi. Thwaite aliitafuta karatasi kwenye bahasha ya zilizokataliwa, akaiweka mezani. Wapambe walisogea. Mmoja akacheka puani.

"Mama yangu," alisema Entwistle, na safari hii alimwekea mkono begani, "usijitie kwenye hili. Sote tunajua hiyo picha ni ya nani. Ni mtu mmoja mhuni amemdhihaki marehemu. Unataka kweli ijadiliwe mbele ya watu? Mwache mzee apumzike."

Mkono ule begani ulikuwa mzito na wa joto. Mavis akasogea hatua moja, mkono ukabaki hewani.

"Sheria inasemaje juu ya karatasi kama hii?" alimwuliza Bi. Thwaite.

"Kura haikataliwi kwa kukosa msalaba peke yake," alisema Bi. Thwaite taratibu. "Ikiwa alama iko kwa mgombea mmoja, na ikiwa inaonekana wazi kwamba mpiga kura alimtaka huyo, inakubalika. Lakini kama ni matusi kwa mgombea, siwezi kusema alimtaka. Sasa niambie wewe. Unaona nini hapa?"

Mavis aliinama. Mara ya kwanza alikuwa ameona matone tu, akakimbiza macho. Sasa alitazama. Mbele ya yule mwanaume kulikuwa na mistari minne iliyonyooka, na katikati yake alama nene, imekandamizwa kwa penseli mpaka karatasi imebonyea. Mkono wa mwanaume ulikuwa umeinuliwa, kiganja kiko wazi.

"Namwona Wilf," alisema. Sauti haikukatika. "Huyu ni mume wangu. Huu ni mlango wa choo cha sokoni. Hili ni kufuli. Aliyechora hivi alikuwepo siku ile, kwa sababu Wilf aliupiga mlango kwa kiganja, namna hii. Hilo aliniambia yeye mwenyewe, nami sikumsimulia mtu."

"Alikuwepo akacheka!" alisema kijana wa riboni.

"Pengine alicheka," alisema Mavis. "Lakini jana alitoka kwake kwenye mvua, akasimama kwenye foleni, akainama na penseli ile fupi iliyofungwa kamba, akamchora mume wangu ndani ya kisanduku changu. Cha Diwani amekiacha kitupu. Hebu nielezeni, mtu wa kunidhihaki alishindwa nini kumpa kura yeye? Wote waliotaka kunicheka wamemwekea yeye msalaba. Zipo hapo mezani, mia nane na kumi."

Hilda alitoa sauti kooni, nusu kikohozi. Karani mmoja aliyekuwa akifunga kura kwa mipira aliacha kazi yake.

"Huo ni ufundi wa maneno," alisema Entwistle. Tabasamu lilikuwa limemshuka. "Bi. Thwaite, hatuwezi kumpata diwani kwa picha ya mtu anayejikojolea."

"Kwa nini?" aliuliza Mavis. "Wewe si ulimfanya ajikojolee?"

Hakuna aliyecheka. Bi. Thwaite aliinua karatasi kwenye mwanga, akaigeuza kuona kama nyuma kuna jina au neno lolote la kumtambulisha aliyeipiga. Hapakuwa na kitu. Akairudisha mezani, akaitazama tena, kisha akachukua kalamu, akalikata neno "imekataliwa" lililopigwa muhuri juu yake, akatia sahihi yake ubavuni.

"Kisanduku cha mwingine ni kitupu," alisema. "Mlango umefungwa, na huyu mgombea alisimama kwa ajili ya mlango huo. Nia naiona. Kura ni ya Ollerenshaw."

Entwistle alidai zihesabiwe tena, zikahesabiwa tena. Hazikubadilika.

Waliwapandisha jukwaani, mbao zilizowekwa chini ya goli la mpira wa kikapu, na Bi. Thwaite akasoma. Entwistle, mia nane na kumi. Ollerenshaw, mia nane na kumi na moja. Upande wa Mavis walikuwa watu wachache, wengi wao wa kanisani na wawili watatu wa sokoni, lakini walipiga makofi kama wamejaa ukumbi. Entwistle alimpa mkono kama desturi inavyotaka. Alipoinama, akamnong'oneza:

"Hongera. Umeshinda kwa mkojo."

Mshindi hupewa nafasi ya kusema. Kwenye mkoba Mavis alikuwa na hotuba aliyoandikiwa na mchungaji, ya kushukuru wote, na wapinzani wakiwemo. Hakuifungua. Alikishika kipaza sauti karibu mno, kikapiga mluzi, akakisogeza.

"Diwani Entwistle ameninong'oneza hapa kwamba nimeshinda kwa mkojo," alisema.

Entwistle alitazama viatu vyake.

"Amesema kweli. Ni mkojo wa mume wangu. Aliitwa Wilfred Ollerenshaw, na wengi wenu mnamfahamu, maana amewatengenezea baiskeli za watoto wenu bila malipo. Alijikojolea mbele ya mlango uliofungwa na halmashauri hii, mchana, mbele ya watu, akaona aibu, akajifungia ndani mpaka akafa. Nami nikaona aibu. Nimezunguka kata nzima nikiomba kura kwa ajili ya watoto wa watu na wazee wa watu, wa kwangu nikamficha. Namwomba radhi Wilf. Sitamficha tena."

Hilda, kule chini, alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Aibu haikuwa ya kwake. Ina wenyewe, nao nitawakuta kwenye kikao. Mimi ni mmoja, wao ni wengi, najua kuhesabu. Watanipigia kura za hapana. Nitasimama tena. Watanicheka, na wacheke, wao choo cha ofisini kiko wazi. Nitasimama kila kikao na nitasema jina la mume wangu kila kikao, liandikwe kwenye kumbukumbu zao mpaka wachoke kuliandika. Nawashukuru makarani, nawashukuru mlionipigia kura. Wapinzani wangu siwashukuru leo."

Akageuka. Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka mkononi mwake, kwa hiyo watu wote, na wapambe waliokuwa wameanza kuvua riboni zao, walimsikia akimwuliza Bi. Thwaite:

"Kikao cha kwanza ni lini, mama? Na madiwani wapya wanaruhusiwa kusema siku hiyohiyo?"