Mnong'ono wa Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hutayarisha michezo ya redio. Ana utaratibu wake: kabla ya kurekodi humvuta kila mwigizaji pembeni na kumnong'oneza kile mhusika wake anachokitaka. Mwenzako hajui ulichoambiwa. "Kila mtu akivutia kwake, mchezo unakolea," husema, na mate yake yanakurukia shavuni.

Siku hiyo tulikuwa mimi na binti yangu, mama na mwana hata ndani ya mchezo. Maneno tungejitungia wenyewe. Studio yake ni chumba kilichozibwa kwa mazulia ukutani, kinanuka jasho la wote waliowahi kupita, na sifongo ya maikrofoni inanuka vinywa vyao. Shemeji alikuwa anakula yai la kuchemsha. Akaniinamia sikioni.

"Baba wa nyumba amefariki. Unataka binti akiri kwamba siku ile baba alimpigia, naye akakata simu. Usimwachie."

Nilijua anachokonoa msiba wetu, hana haya. Ila hilo la simu nilidhani amelitunga.

Taa nyekundu ikawaka. Nikaanza.

"Baba yako alipozidiwa, ulikuwa wapi?"

"Kazini, mama."

"Hakukupigia?"

"Mtandao ulisumbua."

"Mtandao, au ulimkatia simu?"

Namjua mwanangu. Akiigiza kulia hutanua pua kama anayenusa gesi inayovuja. Sasa pua ilitulia, kidevu ndicho kilichotetemeka. Hakunitazama mimi, alimtazama baba yake mdogo upande wa pili wa kioo, na macho yalikuwa ya mtu aliyesalitiwa. Hapo nikaelewa. Habari ya simu ilikuwa kweli, na mwanangu siri hiyo alimpa yeye, kwa kushindwa kuniambia mimi.

Shemeji alikuwa anazungusha mkono: endelea, endelea. Kiini cha yai kimemganda pembeni mwa mdomo, na anatabasamu.

"Baba yako hakukupigia," nikasema kwenye maikrofoni. "Simu yake nilikuwa nayo mimi siku nzima. Yameisha hayo."

Shemeji akaja mbio. "Shemeji, umeua mchezo. Mtoto alikuwa karibu kabisa kuutapika ukweli."

"Na wewe ulikuwa umeshakinga mdomo."

"Ndiyo sanaa, shemeji. Lazima mtu abanwe."

"Futa."

"Sikiliza kwanza sauti ilivyo..."

"Futa nikiona."

Akafuta huku akilamba kidole. Nilitoa kitambaa nikapangusa sikio alilonong'onea, nikapangusa tena.

Binti yangu alikuwa bado amekaa. "Mama, simu ya baba haikuwa kwako."

"Najua."

"Mimi baba mdogo alininong'oneza nifiche mpaka mwisho."

"Nyanyuka, mwanangu. Utaniambia nje. Humu kunanuka."