Mabibo ya Mpapura

"Niwape?" Rukia aliuliza, kapu la mabibo likiwa limemkaa kiunoni.

Mwanaidi alikuwa ameketi mkekani uani, mgongo ukutani, macho kwenye kamba ya nguo isiyoanikwa kitu. Swali alilisikia. Lakini lilimfikia kwa mbali, kama mtu anayekuita ukiwa na maji masikioni.

"Wape," alisema.

Basi Rukia akawapa. Aliyapasua mabibo kwa mikono, mekundu na ya njano, maji yakamchuruzika hadi viwikoni, akayatupia bandani walimokuwa watoto watano wa sungura, wametoka tu kuachishwa ziwa. Wakayavamia kama waliofunga wakawekewa futari. Rukia akacheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza kusikika uani pale tangu msiba.

"Waone wanavyokula! Nimeyaokota asubuhi hii hii shambani Mpapura, bado yana umande. Jamani, Jafari angewaona!"

Kisha akalia. Ndiye Rukia huyo, machozi yake yako karibu. Alimlilia kaka yake akibandika chai, akamlilia akichambua mchele, na akishalia hupangusa pua kwa upindo wa kanga na kuendelea na kazi. Mwanaidi, mke wa marehemu, hakuwa amelia hata mara moja. Siku ya mazishi wanawake waliojazana chumbani walimtazama, wakatazamana, na maneno yakaanza. Macho makavu yale! Wengine wakasema kapigwa na butwaa. Wengine, Mungu awasamehe, wakasema hakumpenda.

Alimpenda. Alikuwa tu hasikii kitu. Jafari alianguka ghalani na gunia la korosho begani, hakufika hospitali, na tangu saa ile Mwanaidi alishikwa na ganzi mwili na roho. Walimwambia kaa eda, akakaa. Miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hazungumzi na wanaume wa nje. Kwake haikuwa kazi. Wangemwambia akae miaka minne angekaa.

Hao sungura nao wana kisa chao. Mungu hakuwajalia mtoto, na Jafari, badala ya kuoa mke wa pili kama alivyoshauriwa, alinunua sungura. Mtaa mzima wa Chuno ulicheka. Wakamwita Bwana Sungura. "Kitoweo hicho kitaiva lini?" vijana walimtania akipita na mzigo wa majani, naye huwajibu, "Mtaiva nyie kwanza." Hakuchinja, hakuuza. Jioni huwatoa uani, yeye na mkewe wakakaa kuwatazama wanavyorukaruka, basi, hiyo ndiyo starehe yao.

Wiki ile ile aliyofariki alikuwa amempandisha jike kwa mkono wake. Watoto walizaliwa kabla ya arobaini yake. Hakuna kingine duniani ambacho Jafari alikianza na kilikuwa bado kinakua.

Sasa, mtu aliyelelewa mashambani Mpapura atakuambia bibo halina ubaya. Watu wanalila, mbuzi wanalila, nguruwe wa jirani wananenepa kwa hilo hilo. Msimu wa korosho ukifika yametapakaa chini ya mikorosho hadi unayakanyaga. Kumletea mnyama mabibo ni mapenzi, kama kumletea mtoto wa mtu andazi. Rukia alibeba kapu lile kichwani hadi barabarani, akalipakata garini njia nzima hadi mjini, kwa ajili ya viumbe wa kaka yake. Angejuaje? Jafari alipokuwa akieleza mambo ya matumbo ya sungura, aliyekuwa akisikiliza ni mkewe.

"Mtoto wa sungura akiachishwa ziwa, tumbo lake bado changa," alikuwa akisema. "Usimshtue. Majani makavu na maji safi. Kitu kipya, kidogo kidogo. Cha maji maji usimpe, na cha sukari ndiyo kabisa. Kinamchachia tumboni, anajaa gesi, na sungura hajui kucheua."

Mwanaidi aliyajua maneno hayo kama anavyoijua Fatiha. Na alisema wape.

Asubuhi yake Rukia alipiga ukelele. Mmoja alikuwa amekufa, kalala ubavu, miguu imekakamaa. Wanne walijikunyata pembeni mwa banda, manyoya yamewasimama. Mwanaidi akaja, akapiga magoti, akampapasa mmoja baada ya mwingine. Matumbo yamevimba na kukaza kama ngoma. Akatega sikio: walikuwa wakisaga meno kwa maumivu. Akaangalia mbao za chini. Safi. Hakuna hata punje moja ya mavi, na sungura asiyekunya ni sungura anayekufa.

Aliyaondoa mabibo yaliyobaki, yakinuka uchachu. Alijisikiliza kama kuna kitu kinauma ndani yake. Hakuna.

"Majani makavu," alisema. "Wifi, nikatie majani makavu. Ya Jafari yalikwisha."

Rukia alitoka mbio na mundu, akarudi akihema na mzigo mzuri sana: majani mabichi ya bondeni, laini, ya kijani kibichi, ukiyafinya yanatoa maji. Alichagua yaliyo bora, kama unavyomchagulia mgonjwa papai lililoiva.

Mwanaidi aliyatazama. Kisha akachukua mundu, akajitanda kanga yake mpaka usoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kukata majani."

"We Mwanaidi! Una eda!"

"Mwenye dharura anatoka mchana. Shehe alisema mbele yako."

"Dharura ya sungura?" Rukia alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Ya hospitali sawa. Ya chakula sawa. Watu watasema nini, wifi? Walishasema hukulia. Sasa waseme mjane katoka na mundu, kaburi la kaka yangu halijakauka?"

"Waseme."

"Huoni hata aibu?"

"Sioni kitu, Rukia," Mwanaidi alijibu, na huo ndio ulikuwa ukweli mtupu. "Nipishe."

Rukia akampisha.

Kwa muda wote wa eda hakuwa ameiona njia. Ilikuwa pale pale, na jua lake na mchanga wake. Wanawake wawili waliokuwa kisimani walinyamaza alipopita. Mzee Omari wa dukani, alipomwona, aligeuza kiti chake taratibu akawa anatazama mashelfu yake ya sabuni, ili mjane apite bila kuonwa na mwanaume. Mwanaidi hakuinua macho. Alikwenda hadi kwenye kile kiwanja kisichojengwa, juu kwenye mchanga, ambako Jafari alizoea kukata. Majani ya huko hukaukia pale pale yaliposimama, marefu, magumu, ya rangi ya mkeka. Akakata. Jani moja lilimchana kiganja, akaiangalia damu ikitoka, akajipangusa, akaendelea kukata.

Aliporudi wengine wawili walikuwa wamekufa. Rukia alikuwa amewafunika kwa kipande cha gunia na kukaa kando yao, macho yamemvimba.

"Kuku wa maskini," alisema kwa sauti ya puani, "hatagi, akitaga haangui, akiangua, mwewe huwanyakua. Na mwewe mwenyewe ni mimi."

Mwanaidi alimweka mmoja wa wale wawili waliobaki mapajani, wa pili ndani ya kanga apate joto. Akaanza kumsugua tumbo kwa vidole viwili, kutoka mbavuni kushuka chini, pole pole, kama alivyoiona mikono ya mumewe ikifanya. Akawanywesha maji ya uvuguvugu kwa ncha ya kijiko. Akawawekea majani puani. Hawakuyataka. Adhuhuri ikaadhiniwa. Yule wa ndani ya kanga alijinyoosha, akatetemeka kidogo, akatulia. Mwanaidi akamtoa akamlaza kwa wenzake.

Akabaki mmoja, wa kijivu, mdogo kuliko wote.

"Mwache naye afe kwa amani, wifi," Rukia alisema. "Unamtesa."

"Hapana."

"Nimewaua mimi. Sema tu. Nitukane, nitapumua. Wewe unakaa kimya, na kimya chako kinanila."

"Uliniuliza," Mwanaidi alisema, vidole vikiendelea na kazi. "Nikasema wape."

"Hukujua."

"Nilijua."

Rukia akamtumbulia macho.

"Nilijua, Rukia. Nilijua watavimba. Niliona midomo yako inauliza, nikasema wape, kwa sababu kusema usiwape kulikuwa kazi. Hata hili ninakwambia sasa, najua ni baya, na halinichomi. Kaka yako alikufa na mimi nikabaki nimekaa tu hapa kama mtungi. Unataka nilie? Nilie na nini?"

Rukia hakupata chozi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alinyanyuka akaenda jikoni kuwasha moto, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha kufanya.

Mwanaidi akasugua. Miguu ilikufa ganzi, mgongo ukamuuma, akasugua. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja wa ua hadi mwingine. Alasiri yule wa kijivu alinyoosha shingo, akavuta ncha ya jani moja kavu, akaanza kulitafuna, kidogo, akapumzika, akatafuna tena. Mwanaidi akazidi kusugua. Na hapo hapo, chini ya vidole vyake, tumbo lile lilinguruma, na kwenye kanga ikadondoka punje moja ya mavi, ndogo, ya mviringo, kavu. Kisha ya pili.

"Jafari!" alipaza sauti, sauti yake yote, ile ya zamani. "Jafari, njoo uone! Amekunya! Jafari!"

Jikoni mwiko ulianguka. Ng'ambo ya ua jirani aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga.

Mwanaidi alibaki amegeukia mlango, kinywa wazi, uso umejaa furaha, akingoja. Alingoja mpaka alipomwona Rukia amesimama pale peke yake, majivu mikononi. Ndipo jina alilolitaja likamrudia, likamwingia mwilini lote, na mabega yakaanza kumtikisika.

Rukia alikuja akakaa chini mavumbini, bega kwa bega na wifi yake. Mapajani yule wa kijivu alikuwa bado anatafuna, na jani lilizidi kuwa fupi.