Pumzi ya Oola

Kila Jumatatu, ikifika saa mbili na nusu asubuhi, Lamwaka alikuwa ameshaketi kwenye benchi la kituo cha polisi, mkoba magotini, akimsubiri Afande Shakirah amalize kufuta kipima pombe. Shakirah alikifuta kwa kitambaa cha manjano, akachomeka mrija mpya wa plastiki, akapuliza mwenyewe kwanza kama utaratibu unavyotaka. Kipimo kilisoma mia moja arobaini na saba. Kikomo ni themanini. Shakirah, ambaye tangu azaliwe hajaonja pombe, aliandika kwenye daftari kwamba kifaa kinafanya kazi, kisha akampa Lamwaka kile kifaa.

Lamwaka aliuweka mrija sikioni. Mle ndani mumewe alikuwa anapumua polepole, kwa mkwaruzo ule ule wa siku zote alipolalia ubavu wa kushoto. Harufu ya ndizi mbivu ikamjia puani.

"Leo amelala vizuri," alisema.

"Ametulia," Shakirah alikubali.

Mumewe, Oola, alikuwa dereva wa lori la sabuni, akipakia soko la Kikuubo, Kampala, na kushusha kwenye maduka ya pembezoni mwa mji. Mwezi wa tatu, Ijumaa moja mchana, askari wa barabarani walimsimamisha. Alikuwa na kisukari, dawa yake ya sindano ilikuwa imekwisha tangu Jumatano, na ulimi ulishakuwa mzito. Alipuliza mara moja, kwa nguvu zake zote, maana alikuwa mzee wa kanisa na hakuwa na la kuficha. Kifaa kikasoma mia moja arobaini na saba. Walimweka mahabusu ili alale, pombe imtoke. Jumapili asubuhi hakuamka. Barua ya kliniki ya hospitali ya Mulago iliyoeleza ugonjwa wake, na kwamba ukizidi pumzi hunuka kama pombe, ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Lamwaka alirudishiwa barua hiyo pamoja na mkanda na viatu.

Pumzi ya Oola haikutoka kwenye kifaa. Tangu siku ile kila aliyepuliza alipata mia moja arobaini na saba: waendesha boda, mtawa aliyekuwa akipeleka mayai sokoni, daktari wa meno. Kituoni wote walijua. Konstebo Byron wa kaunta hakuacha kumtania.

"Mama, bwana yako jana amekamata mchungaji mzima. Mimi nasema wampatie cheo."

Lamwaka alimjibu kwamba mumewe hakuwahi kuwa mvivu wa kazi.

Alichotaka Lamwaka kilikuwa kimoja. Mwezi wa kumi na mbili ukoo ungekusanyika Gulu kumaliza matanga, na shemeji yake Obita angesoma historia ya marehemu mbele ya watu. Historia hiyo ingeishia kwenye karatasi ya polisi: alifariki mahabusu, akiwa amelewa. Mama mkwe alikuwa ameshasema hataketi mkekani kusikia hayo yakisomwa juu ya mwanawe. Lamwaka alitaka yale maneno mawili ya mwisho yafutwe.

Shakirah alimweleza njia. Kifaa kipelekwe kwa mafundi, kifunguliwe, kipitishwe hewa kavu mpaka kilichomo kitoke. Baada ya hapo kikisoma sifuri, kosa litakuwa limeonekana, na karatasi itaandikwa upya. Amri ya kukifungua ingetoka mahakamani.

"Lakini yeye atakwenda, mama," Shakirah alisema. "Huyu hatarudi tena."

Lamwaka alikaa na neno hilo wiki nzima. Kisha akasema na aende, bora jina lake liwe safi. Alifua shati jeupe la Oola la kanisani akalipiga pasi, ingawa hakujua pumzi ingelivaa vipi.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa kumi, asubuhi moja tu. Shakirah alileta daftari: watu mia tatu na kumi na wawili, wote mia moja arobaini na saba. Hakimu aliomba mrija, akauweka sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu, akakubali kwamba humo ndani mlikuwa na mwanamume amelala. Akapuliza mwenyewe. Mia moja arobaini na saba. Karani wake akapuliza, ikawa hivyo hivyo. Hakimu akafuta midomo, akasoma uamuzi.

"Kifaa kisichoaminika ni kile kinachobadilika-badilika. Hiki kimetoa jibu moja kwa kila mtu, pamoja na mahakama hii. Sijapata kuona kifaa cha kutegemewa kuliko hiki."

Aliongeza kwamba sheria inauliza nambari, haiulizi pumzi ni ya nani. Akaamuru kisifunguliwe, kisije kikaharibiwa.

Kule Gulu, Obita alisoma karatasi kama ilivyoandikwa. Mama mkwe alibaki ndani, mlango umefungwa, mpaka usomaji ulipokwisha. Lamwaka aliketi mkekani peke yake. Shati jeupe alirudi nalo Kampala.

Jumatatu ya kwanza ya mwaka mpya alimkuta mwanamke mwingine kwenye benchi, ameshika mfuko wenye nguo za mwanamume na chupa ya chai. Jina lake Sitti, wa mtaa wa Kibuli. Mumewe Sadik aliendesha gari la shule, naye alikuwa mahabusu tangu jana yake.

"Huyu wangu hanywi," Sitti alisema. "Alfajiri yeye ndiye anaadhini."

"Najua, dada. Hiyo pumzi ni ya bwana yangu. Naye hanywi."

Sitti alimtazama, akasogea kumpa nafasi. Lamwaka hakuketi. Aliuliza kama Sadik anatumia dawa yoyote. Sitti alisema ni ya presha, asubuhi na jioni, na jana hakumeza. Akazitoa tembe mfukoni; Lamwaka alizichukua, akaenda kaunta, akaziweka mbele ya Byron, akasimama hapo mpaka Byron alipoinuka na kuzipeleka ndani na kikombe cha maji. Siku hiyo Byron hakutania.

Ndipo akarudi kuketi. Shakirah alikuwa amemaliza kufuta. Alipuliza, akatazama, akawaletea kifaa. Lamwaka alimpisha Sitti asikilize kwanza.

Sitti aliuweka mrija sikioni, akafumba macho.

"Amechoka huyu," alisema.

"Amechoka sana."

Shakirah alifungua daftari, akaandika kwamba kifaa kinafanya kazi.