Bangili ya Malkia

Simone aliingia bila hodi. Kanyere, aliyekuwa ameanza kula, aliifunika sahani yake upesi.

"Unaficha chakula, mbanda wangu?" Simone, mke mwenzake, akamcheka. "Sikuye kula. Nimekuya na barua."

Barua ilitoka kwa mwami Edmond, mtawala wa jadi na mume wao wote wawili. Alimwamuru Kanyere, aliyetawazwa pamoja naye miaka kumi na minane iliyopita, atoe bangili ya shaba ya malkia, ivaliwe na Simone kwenye sikukuu ya wanawake Musienene. Kanyere aliisoma mara mbili. Sahihi ilikuwa ya kweli. Tena alijua mwami hurithiwa na mtoto wa mwenye bangili: leo mwanawe Éphraïm, kesho pengine Ariel, mtoto wa Simone.

Tangu vita iwafukuze Vuhovi, Kanyere alipanga chumba hiki Butembo. Mwami alihamia Beni, akamuoa Simone, binti wa afisa aliyetumwa kutoka Kisangani. Redio zikamwita Simone malkia. Picha zake zilijaa katika simu za watu: akigawia wakimbizi sabuni, akishuka ndege Mavivi. Kanyere hakuwa na picha hata moja.

"Ile bangili iko na miiko yake," Kanyere alisema. "Mwenye kuivaa..."

"Hapana kunifundisha. Mimi nilioleka ku commune, mbele ya serikali. Wewe bazee balikukalisha tu ku kiti."

"Basi uliza Mama Kahongya. Ni yeye..."

"Leta bangili."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kanyere akafungua sanduku.

Kule Musienene Simone alikaa kando ya mwami, akahutubia vizuri, akapigiwa makofi. Kahongya, mlinzi wa bangili, alikaa mbele na wazee wenzake wa kike, macho yao kwenye mkono ule. Kanyere, aliyekaa nyuma kabisa, alikuwa amempa ile barua. Kahongya aliisoma akasema watangoja.

Chakula kikaletwa, mbuzi na viazi. Mpiga picha akamwomba Simone aonje. Simone akainua paja la mbuzi, akatabasamu, akang'ata. Mwami alikuwa akizungumza na mgeni wa serikali. Alipogeuka, mfupa ulikuwa umeshaonekana.

Wale wazee wakasimama, wakampa mgongo. Kahongya akaja na bakuli la maji, akaushika mkono wa Simone, akauosha mafuta na kuanza kuivua bangili.

"Mais, ni nini hii? Niko nakula."

"Njo hiyo," Kahongya akajibu. "Unakula. Malkia hapana kula mbele ya batu, tangu anaikaa ku kiti mpaka anazikwa."

Mwami akatazama meza. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kahongya akapita katikati ya watu, akamvalisha Kanyere bangili, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mrithi ni Éphraïm.

Simone alimfuata Kanyere hadi barabarani. "Ulijua. Ukaniacha."

"Nilianza kukuambia mara mbili," Kanyere alisema. "Ukanikatiza mara mbili."

Alirudi Butembo na viazi vyake vimefungwa kwenye kitambaa, hajala tangu asubuhi. Edmond hakuwa amemuaga. Éphraïm alikuwa akimngoja mlangoni. Kanyere akamwambia habari, kijana akafurahi, na bila kuombwa akatoka nje. Kanyere akafunga mlango, akashusha pazia, akala viazi baridi. Katika miaka kumi na sita ya umri wake, mtoto yule hakuwa amewahi kumwona mama yake akitafuna.