Mkwe Anayejibu Haraka

Bienvenu wa Ndosho, pale Goma, yule anayechomelea milango ya chuma, alikuwa na ugonjwa wa simu. Sisemi wa kutazama video, huo ni wetu sote. Yeye alipenda aplikasiyo za kupanga maisha. Moja ilimwamsha, moja ilimkumbusha kununua vyuma, nyingine ilimpimia hadi maji ya kunywa. "Mutu wa akili hakumbuki kitu," aliwatambia wenzake karakanani, "simu ndiyo inakumbuka." Na kifua mbele, utadhani ameizaa yeye.

Aliyoipenda kupita zote ni ile ya kujibu watu. Ujumbe ukiingia, inajibu yenyewe, kila mtu na jibu lake. Wateja waliambiwa mlango uko karibu kuisha. Uongo mtupu, lakini walitulia. Kisha mama mkwe wake Mukamugema, mjane wa kule Rutshuru, akajua kutuma ujumbe wa sauti kwa simu, zile wanaita vokali. Kila asubuhi vokali, tena ndefu. Bienvenu alisikiliza mbili tatu za mwanzo: mvua, maharage, goti linauma. Akachoka. Akampangia na yeye jibu lake: "Ndiyo mama, nimesikia. Tuko pamoja." Basi, akakaa raha mustarehe.

Mtoto wao Igihozo alipobatizwa, Mukamugema akashuka Goma. Ndugu walijaa sebuleni hadi mlangoni, sahani magotini. Mama akasimama kushukuru.

"Watoto wangu wa kuzaa wananijibu siku wakikumbuka. Lakini huyu mukwe! Sijaweka simu chini, ameshajibu. Tangu muzee afariki, ni yeye tu ananisikiliza."

Makofi yakapigwa. Bienvenu akainamisha kichwa, watu wakadhani ni adabu. Mkewe Jolie alikuwa akimtazama kwa fahari, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Na ile mambo ya ng'ombe," mama akaendelea, "musimulaumu."

Ng'ombe gani tena?

"Ng'ombe amefanya nini, mama?" Jolie akauliza, maskini, hana habari.

Alikuwa ng'ombe wa mahari, yule ambaye Bienvenu na baba yake walimpeleka kwa akina Jolie. Baba yake Jolie alipofariki, mdogo wa marehemu, Ntirenganya, akamtaka ng'ombe huyo. Na kwao huko, ugomvi wa ng'ombe wa mahari ukizuka, anaitwa mkwe aliyemleta. Akisimama uani akasema, "Nilimleta kwa mama huyu," yamekwisha, hakuna wa kumgusa. Mukamugema alikuwa amemwomba aje Jumamosi asimame upande wake. Aliomba kwa vokali. Na simu ikamjibu palepale.

"Nilifagia kiwanja, nikakuwekea maziwa yake, Papa Igihozo," mama alimwambia Bienvenu, bila hasira hata chembe. "Tukangoja. Ntirenganya akachoka kungoja, akafungua kamba, akaenda naye. Akanicheka, eti mukwe wako iko wapi? Nikamwambia, yule alisema ndiyo. Kama hakufika, ni barabara imemukatalia. Si ndiyo, papa?"

Loo! Nyuso zote zikamgeukia. Angeitikia tu, akapona. Ndiyo moja, na watu wangerudi kwenye sahani zao. Alifungua mdomo kuitoa, akairudisha. Ndiyo yake ilikuwa imeshampoteza ng'ombe wa mama wa watu.

"Mama, haikuwa barabara," akasema. "Sikusikia. Vokali zako sikuzisikiliza. Ni simu ilikuwa inajibu, yenyewe."

Mukamugema hakuelewa. Simu inajibuje yenyewe? Akatoa yake kwenye pindo la kitenge, akaisogeza mdomoni kama alivyozoea. "Bienvenu, ni mie," akasema.

Ya Bienvenu ikalia mfukoni. Mara simu ya mama nayo ikalia. Jolie akaichukua na kuusoma ujumbe, sauti ikimfifia: "Ndiyo mama, nimesikia. Tuko pamoja."

Na Bienvenu amesimama hapo, mdomo umefungwa, watu wote wakimwona. Aliona heri ardhi ipasuke immeze. Mjomba mmoja akakohoa. Mukamugema akaifunga simu yake ndani ya kitenge, taratibu, akaketi.

"Muongezee watu chakula," akasema.

Kesho yake akapanda gari kurudi kwake. Bienvenu alifuta ile aplikasiyo, akafuta na zingine zote, hata ya maji. Akamwambia Jolie atakwenda Rutshuru kumkabili Ntirenganya.

"Kusema nini?" Jolie akamjibu, hakugeuka. "Siku ya kusema walikungoja."

Jioni vokali ikaingia. Bienvenu akazima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akajitenga nyuma ya milango na kuisikiliza toka mwanzo, simu ameigandamiza sikioni.

"Wee simu, habari ya jioni," sauti ya Mukamugema ikasema, ya pole na ya heshima. "Umwambie mwenyewe, akipata nafasi, nimefika muzuri. Goti linauma kidogo. Na wewe, aksanti. Asubuhi zote zile ulikuwa unaniitikia."

Bienvenu akabonyeza ili amjibu kwa sauti yake mwenyewe. Akaanza, "Ndiyo mama, nimesikia," akatambua ni maneno yale yale ya simu, akayafuta.