Koti la Kazi Siku ya Likizo

Likizo ilikuwa imemchosha Ken kuliko kazi yenyewe. Peke yake juu ya pikipiki, tangu milima ya Fujairah, huko ughaibuni alikofanya kazi, alikuwa akilala kwenye hema na mchanga ukimwingia hadi masikioni. Marafiki aliowafuata aliwakuta ama kazini ama hoi kitandani baada ya zamu. Alikuwa amebakiza Damaris, jirani yao wa Kisii, yaya katika nyumba moja ya mtaa wa Al Warqa.

Nyumba hiyo yaya haruhusiwi wageni. Basi Ken akavaa koti la kupelekea watu vyakula, lile lile aliloapa kutoligusa likizoni, akabonyeza kengele, mkononi ana boksi la majani ya chai ya kwao. Damaris akafungua geti, uso ukachanua. Kabla hajatamka neno, madam, mwajiri wake, akatokea nyuma yake.

“Sijaagiza kitu. Mwambie arudi nacho.”

Damaris akakunja uso, akamsukumia Ken boksi lake na kumfokea kwa Kiswahili, lugha ambayo madam haijui:

“Mbona umekonda hivyo? Umekula leo? Nenda ukalale, ndugu yangu!”

Ken akainamisha kichwa kama mtu aliyekosea nyumba. Madam akaridhika, akafunga geti mwenyewe.