Mguu Nilioutolea Ushuhuda

Mimi Sostenes, baba yake Elieth, nina karasha mbili za kusaga mawe ya dhahabu nje kidogo ya Bugarama, na kwa miaka minne nilikuwa bosi mlokole kuliko mabosi wote ninaowafahamu. Nasema hivyo bila kujisifu. Kujisifu nilikumaliza kote wakati ule.

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mota hazijawashwa, wafanyakazi wangu kumi na mmoja walisimama kwenye uwanja wa mawe, wakaimba, wakaomba, kisha wakanisikiliza. Dakika kumi za mwanzo zilikuwa za Mungu. Ishirini na tano zilizobaki zilikuwa zangu. Nilikuwa na daftari la mahudhurio, na aliyekosa maombi mara tatu kwa mwezi nilimsimamisha kazi wiki nzima ili apate nafasi ya kutafakari. Mwaka jana nilimpa mzee Mayala cheti chenye fremu kwa kutokosa hata siku moja.

Mzee Mayala ni mtu wa Mhunze, rika la marehemu baba yangu, na kazi yake ni kulisha mawe kwenye karasha. Kabla sijanunua mitambo yangu tulikuwa vibarua pamoja kwa mtu mwingine, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kama mtu aliyefunzwa adabu kwao. Nilipokuwa bosi wake mambo yakawa magumu. Bosi anamwamkiaje kibarua wake mbele ya watu? Na asipomwamkia, mama yangu akisikia itakuwaje? Wokovu ukaniokoa na hapo pia. Nikaanza kumsalimu "Bwana asifiwe," naye akawa anajibu "Amina," suala likaisha. Niliona nimepewa hekima ya pekee.

Mwezi wa tano jiwe lilimwangukia mguu wa kulia. Alinifuata baada ya kazi akaomba ruhusa ya kwenda zahanati kesho yake. Foleni ya zahanati yetu inaanza alfajiri, kwa hiyo angekosa maombi. Nikamuuliza imani yake ameiweka wapi. Nikainama, nikaweka mkono juu ya gambuti lake bila hata kumwambia alivue, nikayakemea maumivu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kibanda cha mama lishe. Nilipomaliza nikamuuliza anajisikiaje.

"Mhola duhu," akajibu.

Yaani shwari tu. Msukuma atakujibu hivyo hata akiwa amevunjika mbavu, na mimi Msukuma mwenzake nalijua hilo tangu utotoni. Lakini siku ile jibu lilinifaa, nikalichukua lilivyo. Jumapili nikasimama ibadani nikatoa ushuhuda wa mguu uliopona papo hapo chini ya mkono wangu. Watu wakapiga makofi mpaka mchungaji akawatuliza. Tulipotoka nje, kwa mara ya kwanza, jina langu likatajwa kwa ajili ya uenyekiti wa umoja wetu wa wafanyabiashara waliookoka.

Kiti kile nilikitaka. Niliutaka uenyekiti kuliko nilivyotaka karasha ya tatu. Mwenyekiti hukaa mbele, pembeni ya mchungaji, na akichelewa ibada inamsubiri.

Wiki tatu baadaye, uchaguzi ukiwa umebakiza siku nane, tulikwenda Kahama kwenye semina ya uongozi. Mwalimu alifundisha kwamba kiongozi wa kweli hujishusha akawahudumia walio chini yake, hata kuwaosha miguu. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilitoka kabla ya chai nikaenda dukani kununua beseni na mataulo kumi na mawili meupe.

Kosa la kwanza lilikuwa kuwatangazia. Jumatatu asubuhi watu wote walikuja na miguu iliyosuguliwa kwa jiwe ikapakwa mafuta ya mgando. Maduhu, fundi wa mota, alikuwa amevaa soksi mpya, na sijawahi kumwona na soksi kabla wala baada ya siku ile. Na kwa kuwa walikuwa kumi na mmoja, nami nilitaka watimie kumi na wawili, nikamwomba mama lishe, Melania, akae nao. Melania ni Mkatoliki wa Ushirombo. Aliniambia kwamba parokiani kwao padri huosha miguu ya watu mara moja kwa mwaka, Alhamisi Kuu, wala hatangazi kwamba yeye ni mnyenyekevu. Alikubali kukaa kwa sharti kwamba maharage yakiungua ni juu yangu.

Nilikuwa nimemwalika pia Anisia, katibu wa umoja wetu, aje na simu yake. Nilimwambia asipige picha nyingi, na alinielewa vizuri, hakuacha kupiga.

Nikapiga magoti. Nikaosha miguu misafi kuliko yangu. Bhoke, anayechekecha unga wa mawe, alitekenyeka akacheka mpaka ikabidi niruke mguu wake wa pili. Wengine waliangalia pembeni kama watu wanaosubiri kuchomwa sindano. Mimi nilikuwa naomba kwa sauti, huku nikichungulia simu ya Anisia iko upande gani.

Mzee Mayala alikaa wa mwisho, magambuti yote mawili yakiwa miguuni. Nilipofika kwake akaurudisha mguu nyuma. Nilifurahi ajabu. Hata yule mwanafunzi wa Yesu alikataa kwanza, kwa hiyo mambo yalikuwa yanakwenda kama yalivyoandikwa, na nani alikuwa nani katika mambo hayo nilikuwa nimeshajipangia. Nikamkonyeza Anisia asogee. Nikamsihi Mayala, kwa sauti ya kurekodiwa, akubali kuhudumiwa.

Mzee akainama mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwangu.

"Bosi, osha huu wa kushoto," akasema taratibu. "Wa kulia ulishapona. Ulitangaza kanisani."

Nilidhani ni unyenyekevu. Nikalivuta gambuti la kulia likatoka, na harufu ikatoka nalo. Mguu ulikuwa umefungwa kipande cha kanga kilichogandia kwenye nyama. Vidole viwili vilikuwa vyeusi na uvimbe umepanda mpaka juu ya kifundo. Macho yakanijaa machozi ya ile harufu, na hapo ndipo Anisia alipopata picha yake nzuri kuliko zote.

Nilibaki nimepiga magoti na taulo begani, sijui nianzie wapi, mpaka Melania aliponyanyuka.

"Baba Elieth," akasema, "hayo maombi yafunge. Washa gari."

Njiani kwenda hospitali nilimuuliza mzee kwa nini hakuniambia. Akasema alitaka kusema, ila kila alipokuja asubuhi alikuta nauhadithia mguu wake, akaona si vizuri kumwaibisha mtu anayegombea. Kumbe karasha nzima ilijua kwamba nataka uenyekiti. Walikuwa wameufunika mguu ule kwa wiki tatu, wakimsaidia kubeba mawe niliposhika simu, ili ushuhuda wangu usife. Mara mbili nilikosa gia.

Daktari alipoufungua mguu aliuliza, bila kumtazama mtu, ni nani aliyemruhusu mzee huyu kutembea hivi wiki tatu. Niligeukia ukutani. Palikuwa na tangazo la kunawa mikono, nikalisoma lote. Jumatano walivikata vile vidole viwili. Daktari alisema tungechelewa siku chache tu, ungekatwa mguu.

Wakati huo picha ilikuwa imeshasambaa kwenye kundi letu la simu: mimi nimepiga magoti, taulo jeupe, machozi yananitiririka. Mmoja aliandika kwamba hajawahi kuona kiongozi aliyeguswa kiasi hicho. Mwingine alisema uchaguzi ufutwe tu, mwenyekiti ameshapatikana. Niliwaacha wasifu siku mbili. Hizo siku mbili ndizo zinazoniuma hata leo, maana nilikuwa nimeshauona mguu, na bado kila simu ilipolia nilikimbilia kusoma.

Alhamisi nikaandika. Niliandika kwamba mguu nilioutolea ushuhuda haukupona, kwamba sikuwahi hata kuutazama, na kwamba yale machozi yalikuwa ya harufu. Kundi likanyamaza tangu saa nne mpaka saa nane. Aliyevunja ukimya ni ndugu Januari, muuza magodoro, aliyeweka tangazo la punguzo la bei. Jumapili wakamchagua yeye.

Sikukaa kusubiri chakula cha kumpongeza. Nilikwenda hospitali. Mke wa mzee, mama Limi, alikuwa bado yuko njiani kutoka Mhunze, na muuguzi aliponiona mlangoni akanipa beseni la maji.

"Wewe ndiye mwanawe?" akauliza. "Haya, mwoshe mzee huo mguu mzima. Ule wenye bandeji usiuguse."

Nilifungua mdomo nimweleze mimi ni nani, nikaona hakuna cha kueleza. Nikachuchumaa kando ya kitanda. Beseni lilikuwa na ufa uliozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, na taulo halikuwepo. Nakiri kwamba mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni kuitafuta simu. Nikautoa, nikauingiza majini.

Mzee Mayala alinitazama kutoka kwenye mto.

"Jumatatu ile tuliondoka kabla ya sala ya mwisho," akasema. "Umeniandika nilihudhuria?"

Nikamwambia daftari halipo tena, Melania ameliwashia jiko. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, kwa kuwa rekodi yake ilikuwa safi.

Nikaushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito, kisigino kimepasuka kwa vumbi la mawe yangu. Nilitafuta neno la kusema. "Bwana asifiwe" ilinijia mpaka kwenye meno, ikakwama hapohapo.

"Shikamoo, mzee Mayala," nikasema.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa, akamaliza, akajigeuza upande wa ukuta. Miaka minne ni asubuhi nyingi, na nadhani mzee alikuwa anazipitia zote.

"Marahaba," akasema mwishowe. Akainua kichwa kidogo, akachungulia ndani ya beseni. "Kisiginoni hujafika."